Kicheko cha Abdille

Risper Aketch aliirudia video ile mpaka wakili Mohamedamin akachoka kumngoja.

Ilikuwa fupi na haikuwa na sauti. Mwanamume amekaa kwenye mkeka chini ya turubai, amevaa kikoi na fulana ya kijani iliyopauka, anacheka. Si tabasamu la adabu. Alicheka kichwa kikienda nyuma, meno yote nje, akijipiga paja. Kando yake mwanamke aliyejitanda shali ya garbasaar ya rangi ya machungwa alikuwa akimimina chai, uso ameuinamisha. Nyuma yao migomba, na nyuma ya migomba maji ya Tana yaking'aa.

"Huyo ndiye mgonjwa wetu," alisema Mohamedamin. "Sajini mstaafu Abdille. Alirudi kutoka ng'ambo ya mpaka akiwa hawezi hata kutaja jina lake. Bodi ya pensheni ya wanajeshi ikakubali kwamba vita vimemwachia ulemavu mkubwa wa akili. Mwaka huu wamempitia upya, wamemshusha mpaka ulemavu mdogo. Familia inaishi kwa kukopa."

"Kwa sababu ya hii?"

"Kwa sababu ya hiyo. Uamuzi wao unasema mtu anayesafiri peke yake mpaka Balambala, anayekaa na watu na kucheka namna hii, si yule aliyeandikwa na madaktari. Alhamisi tuko mbele ya jopo la rufaa. Munyao, wakili wa bodi, ataiwasha video hiyo kisha atakaa chini. Hatahitaji kusema kitu."

"Nani aliipiga?"

"Hapo ndipo ninapokulipa. Bodi ina namba ya simu ya kupokea habari za wadanganyifu. Mtu akaituma kwa namba hiyo, hakujitaja. Nikimpata, nitamwita, nitamhoji, nitaonyesha ana chuki. Nisipompata, nitabaki kuliomba jopo liitupe, na sidhani watakubali."

"Familia wameiona?"

"Nimekataa. Nikiwaonyesha, kufikia jioni mji mzima utakuwa nayo."

Risper aliletwa Garissa na uhamisho, alipokuwa afisa wa upelelezi wa polisi. Alipoacha kazi wenzake walidhani atarudi kwao Kisumu. Akabaki, akawa anawafanyia mawakili uchunguzi. Miaka hiyo yote ilimpa Kisomali cha sokoni, ambacho hakupenda kukitangaza. Watu huzungumza kwa uhuru zaidi mbele ya mtu wanayeamini haelewi.

Aliisimamisha video, akaikuza kwa vidole.

"Vikombe vitatu," alisema.

Mohamedamin akainama kuangalia. Ndani ya sinia palikuwa na vikombe vitatu, vyote vimejaa. Kimoja mbele ya Abdille, kimoja mbele ya mwanamke, cha tatu upande wa huku, upande wa mpiga picha.

"Kwa hiyo ni mgeni wao," wakili alisema. "Amekaribishwa chai, akainuka kidogo, akampiga mwenziwe picha kwa siri. Unafiki huo!"

"Huenda." Risper alionyesha pembe ya picha, ambapo jani lilikuwa likiingia na kutoka. "Ila mgeni mwenye kikombe chake hahitaji kujificha nyuma ya mgomba."

Aliiacha shaka hiyo hapo hapo, akashuka ngazi.

* * *

Nyumba ya Abdille ilikuwa mtaa wa Galbet, ua wa makuti na mabati. Mlango wa ua ulikuwa umeng'olewa, na mahali pake likatundikwa blanketi la jeshi. Zamani mlango huo wa bati ulikuwa ukijibamiza kwa upepo, na kila ulipojibamiza mwenye nyumba alijirusha chini.

Abdille alikuwa amekaa ameegemea ukuta, macho kwenye blanketi lile. Joto lilikuwa la kukausha mate, lakini miguuni alikuwa na buti za jeshi, kamba zimekazwa mpaka juu. Mkewe, Faduma, alimwekea Risper kiti. Mgongoni alimbeba mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa akiguna usingizini.

"Sajini," Risper alianza, "Balambala huwa unakwenda kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu wetu." Akainama, akafungua kamba za buti, akazifunga upya, akakaza zaidi. Kisha akainuka, akaenda kusimama kwenye kona ya ua ambako aliweza kuona pande zote mbili za njia. Mazungumzo yake yalikuwa yamekwisha.

"Usisumbuke, dada," Faduma alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha haraka. "Mimi nimeuliza mpaka mdomo imechoka. Kila Ijumaa akitoka msikiti anapanda gari ya Balambala. Akirudi, hasemi kitu. Hapa analala na hiyo viatu. Wallahi, shuka zote zimeraruka. Kule kwa huyo mwanamke anavua viatu, anacheka. Mimi tangu atoke jeshi sijaona meno yake."

"Unamjua huyo mwanamke?"

"Namjulia wapi? Mimi Balambala sijawahi kufika."

"Nani anaweza kumtakia mabaya mumeo?"

Faduma hakufikiri hata kidogo. "Salat. Walikuwa jeshi bamoja. Yeye alinyimwa bensheni. Kila akipita hapa anatema mate chini."

* * *

Salat alikuwa dalali katika soko la mifugo. Risper alimkuta ameshikana mkono na mnunuzi chini ya shali, vidole vikizungumza bei ambayo wengine hawakutakiwa kuijua. Alingoja mpaka mikono ikaachana.

"Nimekuja kwa habari ya Abdille. Umesikia bodi imemshusha?"

"Nimesikia." Salat aliangalia mbuzi wake. "Nilifurahi."

"Kwa nini?"

"Wewe ni bolisi?"

"Nilikuwa. Sasa nafanya kazi na wakili wake."

"Basi mwambie wakili yake nilifurahi." Alikung'uta vumbi kwenye fimbo yake. "Tulikuwa gari moja. Warfa mbele, Abdille katikati, mimi nyuma. Bomu ilibiga mbele. Warfa akafa. Abdille akatoka bila alama. Mimi vilevile, bila alama. Tukafikishwa kwa daktari wa bodi. Abdille aliulizwa jina, akashindwa. Mimi nikaulizwa maswali yote, nikajibu yote. Wakaandika mimi ni mzima." Akacheka kidogo, bila furaha. "Kosa yangu ilikuwa kujibu."

"Na wewe ni mzima?"

Salat alimnyooshea fimbo zizini, palipokuwa na godoro jembamba limekunjwa kando ya hori la maji. "Mimi silali ndani ya nyumba. Nalala hapo, na mbuzi. Mbuzi ikishtuka, najua ni kitu ya kweli. Mbuzi ikilala, najua ni kichwa yangu. Wewe niambie kama hiyo ni uzima."

Risper aliliangalia godoro. "Ni wewe uliyempiga video?"

"Ningekuwa nayo ningetuma zamani. Ningetuma na jina yangu." Alichomoa mfukoni simu ndogo ya vibonyezo, iliyofungwa kwa mpira isiachane vipande. "Hii inabiga fideo? Na ni siku gani hiyo?"

Risper aliitaja Ijumaa ile.

"Nilikuwa Habaswein, nanunua ngamia. Biga simu kwa mwenye zizi."

Risper alipiga pale pale. Mwenye zizi wa Habaswein alikumbuka wiki ile vizuri, maana Salat aligombana naye kuhusu ngamia mwenye jicho bovu mpaka wazee wakaitwa.

"Swali la mwisho. Umewahi kunywa chai kwenye shamba la Balambala?"

"Kwa Barwaqo?" Uso wa Salat ulibadilika. "Huyo ni mjane wa Warfa. Hukujua? Tulienda kumba bole ya msiba, mimi na wenzangu. Aliongea na sisi nyuma ya bazia. Hakuna mwanaume anakunywa chai ya Barwaqo. Abdille beke yake. Mimi nilikuwa rafiki ya Warfa kuliko yeye, tulisoma madrasa moja. Lakini nani anamiminiwa chai? Abdille. Nani alibata bensheni? Abdille. Hata wazimu, wamemchagulia Abdille."

Risper alimwacha na mbuzi wake. Wivu aliuona wazi, mweupe kama jua la saa sita, lakini haukuwa ule aliokuwa akiutafuta. Na kama hakuna mwanamume mwingine aliyekaribishwa pale, kikombe cha tatu kilikuwa cha nani?

* * *

Shamba la Barwaqo lilikuwa ukingoni mwa mto, nje kidogo ya Balambala: migomba, matikiti, na kitunguu kilichokuwa kikiinua vichwa. Turubai lilikuwa pale pale lilipokuwa kwenye video, mita chache kutoka njia ya watu wote. Risper hakumwita mwenyewe kwanza. Alizunguka nyuma ya migomba akiwa na simu mkononi, akalinganisha turubai, mto na mti uliokatika tawi, mpaka akajikuta ndani ya mfereji uliokauka. Akachutama. Jani la mgomba likamjia kwenye pembe ya kioo, lile lile.

Kwa hiyo aliyepiga hakuwa mgeni. Alitambaa mferejini, akachutama, akainua simu juu ya ukingo. Na kwa kuwa ukingo ulikuwa juu, picha ilianzia kwenye sinia kwenda juu. Chini ya hapo haikuonyesha kitu.

"Umepoteza nini humo?" sauti ya mwanamke iliuliza kwa Kisomali.

Barwaqo alikuwa amesimama na jembe begani. Alikuwa kijana kuliko Risper alivyotarajia. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo Risper alijieleza kwa Kisomali chake cha sokoni: nani amemtuma, nini kimempata Abdille, na kwamba kuna mtu aliwapiga picha.

Barwaqo alilitua jembe. "Mimi sina cha kuficha. Mkeka nautandika hapa nje ili njia yote ione. Muulize yeyote kama Abdille amewahi kukanyaga kizingiti changu."

"Nakuamini. Nataka kujua jambo moja tu. Kwenye sinia palikuwa na vikombe vitatu. Kimoja chako, kimoja cha Abdille. Cha tatu?"

"Cha mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye shamba," Barwaqo alisema. "Warfa."

Upepo ulipita kwenye migomba.

"Mara ya kwanza alikuja kunipa pole kama wengine," Barwaqo aliendelea. "Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Akakaa kwenye mkeka, akageukia upande ambao hapakuwa na mtu, akaanza kuzungumza. Nikadhani ananisemesha mimi. Kisha akataja jina. Akamuuliza Warfa kama bega bado linamsumbua. Tangu mume wangu afe, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za bega la Warfa. Nikatoka nyuma ya pazia."

"Hukuogopa?"

"Niliona wivu." Alilisema bila kumkwepa macho. "Mimi nilimpikia yule mtu, nilimfulia, nilimngoja. Hajanijia hata ndotoni. Kwa huyu anakuja kila Ijumaa, wanacheka. Mimi nawamiminia chai ili nipate ruhusa ya kukaa karibu. Nasikia upande mmoja tu wa maneno. Upande wa Warfa naujaza mwenyewe."

"Dada, hayo uliyosema yanaweza kumrudishia Abdille pensheni yake. Njoo Alhamisi uyaseme mbele ya jopo."

"Siji."

"Watoto wake wanakopa chakula."

"Nitawapelekea matikiti. Siji." Barwaqo alilishika jembe tena. "Mkiwathibitishia kwamba ni mgonjwa kiasi hicho, watampeleka kwa madaktari wenye dawa kali. Akipona, Warfa ataenda wapi?"

Risper alishukuru, akageuka kwenda. Barwaqo, kama mtu anayejuta kuwa mkali kwa mgeni, alimsindikiza mpaka ukingoni mwa mfereji.

"Viatu vyake huviacha hapa," alisema, akionyesha kwa kidole cha mguu. "Buti zile nzito. Nilimuuliza kwa nini anavivua hapa na kwingine hapana. Akasema hapa Warfa yuko zamu, kwa hiyo yeye anaweza kupumzika."

Risper alisimama. Akaitoa simu, akaiwasha video tena, akaitazama mwanzo mpaka mwisho akitafuta kitu kimoja tu. Miguu haikuwemo. Buti hazikuwemo. Uamuzi wa bodi, alioupekua wote, ulitaja safari, mwanamke, chai na kicheko. Haukutaja viatu mahali popote.

Mtu pekee aliyemwambia kwamba Abdille anavua viatu Balambala alikuwa yule ambaye, kwa kauli yake, hajawahi kufika Balambala.

* * *

Faduma alikuwa akipika chapati za canjeera kwenye ua. Abdille alikuwa ameenda msikitini. Risper alivuta kigoda, akakaa karibu na jiko, akasema kwa Kisomali, akimwita kwa jina la mwanawe, "Mama Ayanle, zile buti uliziona zimewekwa upande gani wa mfereji?"

Mwiko ulisimama. Unga ulitoboka matundu, ukaanza kuungua pembeni.

"Kumbe unajua lugha yetu," Faduma alisema mwishowe. Kwa lugha yake mwenyewe sauti yake ilikuwa nyingine, nzito na ya taratibu. "Upande wa huku. Moja imesimama, moja imelala. Miaka yote hii nimemwomba avue buti zile alale kama mtu. Alizivua pale kama anaingia kwake."

"Ulimfuata."

"Nilipanda gari la nyuma yake, na mtoto mgongoni. Nilitaka kumwona tu huyo mwanamke. Nilidhani nitatoka mferejini nimvue garbasaar ile njiani watu wakiona. Halafu akacheka. Abdille. Nikashindwa kusimama. Nikatoa simu. Sijui kwa nini nilitoa simu. Nadhani nilitaka kuwa nacho kicheko chake, hata kama hakikuwa changu."

"Na kukituma kwa bodi?"

Faduma aliepua kikaango. "Redioni walisema mwenye habari za wastaafu apige namba hii, nao watamwita mtu huyo na kumuuliza. Mimi nikimuuliza hanijibu. Nikadhani serikali ikimuuliza atajibu. Sikujua wataanza kwa kukata. Wallahi, nimejikatia mkate wangu mwenyewe, na wa watoto, na siwezi kumwambia mtu."

"Kwa nini uliitoa sauti?"

"Mtoto alikuwa akiguna mgongoni. Wangejua ni mimi. Na sikutaka kuwasikia."

"Yenyewe yenye sauti bado unayo?"

Ilikuwa bado kwenye simu yake. Faduma hakuwa amewahi kuifungua. Risper aliongeza sauti mpaka mwisho, akaiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa. Yalikuja majani ya mgomba yakipigana, na mguno wa mtoto, na pumzi za mtu anayelia kwa kujizuia. Kisha, kwa mbali lakini wazi, sauti ya Abdille.

"Warfa, kunywa. Mkeo amemimina, inapoa." Kimya kidogo, kama cha mtu anayesikiliza jibu. "Acha! Acha, Warfa, mbavu zangu." Halafu kicheko.

Hapakuwa na sauti ya mwanamke kabisa.

Faduma aliirudia. Mara ya pili aliishika simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni.

"Warfa amekufa," alisema.

"Ndiyo."

"Anazungumza na maiti."

"Anazungumza na rafiki yake. Lakini ndiyo. Ni ugonjwa ule ule, mama Ayanle. Wewe na bodi mmetazama ugonjwa mkaona afya."

Risper alitarajia machozi, au shukrani. Faduma alijifuta unga mikononi, na alipoinua uso ulikuwa umekaza zaidi ya mwanzo.

"Mwanamke ningeshindana naye," alisema. "Nina ulimi, nina watoto wake, najua anavyopenda nyama yake. Maiti nitashindana naye kwa kitu gani?"

* * *

"Hapana," Mohamedamin alisema. Alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi yake, mgongo kwa Risper na Faduma. "Nikimsimamisha mke wa mrufani akiri kwamba yeye ndiye aliyemshtaki, Munyao atasema hata mkewe anajua ni mzima."

"Na ukiiacha video bila sauti?" Risper aliuliza. "Wao wana nusu ya kitu. Sisi tunacho chote. Lakini kitu chote hakiingii mpaka aliyekipiga aape kwamba ni chake."

Wakili alimgeukia Faduma. "Mama, mji mzima utajua ulimfuata mumeo mpaka mferejini."

"Mji unajua kila kitu tayari," Faduma alijibu. "Andika jina langu."

* * *

Alhamisi, ukumbi ulijaa kuliko ilivyotakiwa. Abdille alikaa mwisho wa benchi, akiutazama mlango, buti zimekazwa. Munyao, kijana nadhifu wa Machakos mwenye sauti ya upole, aliiwasha video yake bila sauti, kisha akaketi, kama Mohamedamin alivyotabiri. Faduma akaapishwa kwa Msahafu. Akawasha yake. Mkalimani akatafsiri, na ukumbi ukatulia.

Munyao aliinuka. "Bi Faduma, ulipotuma picha hizi ulitaka bodi ione mumeo ni mzima. Sivyo?"

"Niliona mume wangu anacheka. Uzima sikuona."

"Basi ulizituma kwa nini?"

"Wivu."

Karani aliinua kalamu, akamwangalia mwenyekiti.

"Andika alivyosema," mwenyekiti aliamuru.

Munyao hakuonekana kuyumba. "Tumesikia jina. Je, si kweli kwamba hilo ni jina la utani tu? Mtu amekaa na mwanamke, anamtania, anamwita hivi na hivi, mwanamke hajibu kwa aibu. Nani hapa anaweza kuapa kwamba mrufani hakuwa akizungumza na mtu aliye hai mbele yake?"

Mohamedamin alianza kuinuka kupinga, lakini ukumbi ulikuwa umekwisha geuka. Kwenye benchi la nyuma alisimama mwanamke aliyejitanda garbasaar ya rangi ya machungwa. Risper hakuwa amemwona akiingia. Ni baadaye tu alipoelewa: Barwaqo alikuwa amepata habari kwamba maneno ya Abdille yatasikizwa ukumbini, na alikuja kuyasikia tena, basi.

"Si jina la utani," Barwaqo alisema kwa Kisomali, na mkalimani ikabidi amkimbize. "Warfa ni jina la mume wangu. Baba yake alimpa. Kikombe ni chake na maneno ni yake. Mimi nilikaa pale na sikusemeshwa hata neno moja. Unafikiri ningekuwa nimesemeshwa mimi, ningesahau?"

Wakamwita mbele, wakamwapisha. Akaeleza yote, bega, zamu na buti, na kila alipomaliza sentensi alimwangalia Abdille kwa namna ya mtu anayemwibia mwenziwe. Abdille hakugeuka. Alipolisikia jina la Warfa midomo yake ilitikisika, lakini macho hayakuacha mlango.

Jopo lilitoka, likarudi kabla ya adhuhuri. Uamuzi wa bodi ulitenguliwa. Abdille alirudishiwa kiwango chake cha awali pamoja na malimbikizo yake. Wasimguse tena kwa video ya mtu. Wakitaka kumpitia, madaktari wakae naye, tena si kwa siku moja tu. Na aanze matibabu mara moja. Waliposoma hilo la matibabu, Barwaqo alishusha garbasaar usoni.

Uani Mohamedamin alikuwa akipeana mikono na kila mtu. Abdille alisimama langoni, mgongo ukutani, macho kwenye mlango wa ukumbi, akingoja kupelekwa nyumbani. Risper aliwaona wanawake wawili wamesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kila mmoja akitazama pembeni, naye akajishughulisha na kamba ya mkoba wake karibu nao. Ulikuwa ni ushambenga tu. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

"Ijumaa atakuja?" Barwaqo aliuliza.

"Atakuja. Na mimi nitakuja naye."

"Njoo."

Faduma alimhamisha mtoto begani, akamrudisha tena. Lililokuwa moyoni mwake lilimchukua muda kulitoa, na lilipotoka lilitoka kwa ukali, kama deni.

"Wewe umewasikia siku zote hizo. Huwa ananitaja?"

Barwaqo angeweza kusema hapana. Risper aliona akifikiria kusema hapana, akaona jinsi lingekuwa tamu mdomoni mwake.

"Ndiyo," alisema.

"Anasema nini?"

"Anamwambia Warfa kwamba usiku, akiinuka kuzunguka nyumba, wewe unajifanya umelala. Anasema anajua uko macho. Anasema anapita karibu na kitanda kwa makusudi, ili umsikie kwamba bado yupo."

Faduma alimkabidhi Barwaqo mtoto bila kumuuliza, akavuka ua kwenda langoni, akasimama kando ya mumewe, akautazama mlango pamoja naye.